Mtoto Alizaliwa Mzima, Mbona Sasa Anaumwa?

(Mazungumzo mbele ya wanavikundi wa kujisaidia)



Leo tuache kidogo habari za kuku na mikopo, tuongee juu ya damu. Mtoto anazaliwa mnono, ananyonya vizuri. Akifika kama miezi sita hivi, vidole vinavimba, analia usiku kucha, macho yanakuwa manjano. Basi maneno yanaanza. Wengine watasema jirani ana jicho baya, wengine watasema ni damu ya ukoo wa mama yake. Na mara nyingi ni mama anayerudishwa kwao.

Ugonjwa huo ni selimundu. Tuuangalie ndani.

Chembe nyekundu ya damu ni kama mfuko mlaini uliojaa protini iitwayo himoglobini. Kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuishusha mwilini kote. Sehemu moja ya protini hii, beta, ni kama uzi wenye shanga 146. Mpangilio wa shanga hizo unaagizwa na jeni, na kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo: moja ya baba, moja ya mama.

Kwa selimundu, shanga moja tu imebadilika, ile ya 6. Basi! Lakini himoglobini ya namna hiyo ikishashusha oksijeni inashikamana na wenzake, inakuwa vijiti virefu. Vijiti vinaivuta chembe mpaka inapinda kama mundu wa kukatia nyasi. Chembe mzima hujikunja ikapita kwenye mishipa myembamba. Hii inakwama, na pale ilipokwama ndipo mtoto analia. Tena haidumu. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, hii ni 10 mpaka 20 tu. Ndiyo sababu damu inapungua na macho kuwa manjano.

Na kwa nini alizaliwa mzima? Kwa sababu tumboni mtoto hutumia himoglobini nyingine, yenye jeni yake tofauti. Baada ya kuzaliwa inapungua polepole, na ile ya beta inashika kazi. Kwa hiyo ugonjwa haukuletwa na mgeni aliyekuja kumwona mtoto. Alizaliwa nao.

Ili augue selimundu hii, lazima apokee nakala iliyobadilika kutoka kwa baba NA kwa mama. Akina baba, mnanisikia? Mwenye nakala moja tu kwa kawaida haugui, hata hajui anayo. Wawili kama hao wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mgonjwa. Kila mimba, si kwamba ukishapata mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wamepona.

Mbona iko nyingi huku kwetu upande wa ziwa, na kule Pwani? Daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, aliliona jambo hilo mwaka 1949, na mwaka 1954 akaonyesha sababu: nakala moja humkinga mtoto na malaria kali. Lakini msichanganye. Mwenye nakala mbili hana kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa. Alale ndani ya neti kila usiku.

Akipata homa, msingoje kesho wala msimpe vidonge vya dukani mkatulia. Ni hospitali siku ile ile. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Kliniki hutoa penisilini ya kila siku kwa walio chini ya miaka mitano, na iko dawa ya haidroksiyurea inayoamsha tena ile himoglobini ya utotoni na kupunguza maumivu. Si uchawi, ni kuiamsha jeni iliyolala.

Kipimo ni cha damu kidogo tu. Ombeni kupimwa himoglobini ya selimundu, mume na mke pamoja, na vijana kabla ya kuoana.

Sasa nipokee maswali. Akina baba waanze.