Jina Lililoandikwa Kitabuni

Fungueni pamoja nasi Matendo ya Mitume, sura ya 9, mstari wa 26 na wa 27. Na mnapotafuta mahali hapo, tuinue macho mbinguni kidogo.

Mwaka 1977 mtaalamu wa nyota wa Marekani, Charles Kowal, alikuwa akichunguza picha za anga zilizopigwa kwa darubini huko Palomar, California. Akaona kitone cha mwanga kikisogea polepole sana, mbali kupita sayari ya Zohali. Kulizunguka jua mara moja huchukua miaka 50 hivi. Kikapewa jina Chiron. Kwa kuwa hakikuwa na mkia wala ukungu, kikaandikwa katika orodha ya asteroidi, yaani ile miamba izungukayo jua, nambari 2060. Wataalamu hawakufanya uvivu, waliandika walichokiona.

Lakini Chiron ilikuwa safarini. Mwaka hata mwaka ikazidi kulikaribia jua. Mwaka 1988 ikaonekana inang'aa kupita hesabu, na mwamba mtupu haung'ai hivyo. Mwaka 1989 Karen Meech na Michael Belton wakaona ukungu umeizunguka. Kumbe ndani ya kile kilichodhaniwa kuwa jiwe mlikuwa na barafu! Joto la jua, ingawa ni hafifu mno kule mbali, lilikuwa limeanza kuigeuza kuwa hewa na kupeperusha vumbi. Chiron ilikuwa nyota ya mkia. (Si nyota hasa, lakini ndivyo wazee wetu walivyoziita.) Wataalamu wakaiandika katika orodha ya nyota za mkia pia, nambari 95, wala ile nambari ya kwanza hawakuifuta. Hata leo imo katika orodha zote mbili.

Sasa tumtazame Sauli. Alipofika Yerusalemu na kutaka kukaa na waumini, walimwogopa. Je, tuwalaumu? Walikumbuka kifo cha Stefano. Walikumbuka milango iliyovunjwa na ndugu waliokokotwa kwenda gerezani. Katika mioyo yao Sauli alikuwa amekwisha kuandikwa. Ni Barnaba peke yake aliyetazama mara ya pili, akauliza yaliyompata mtu huyu njiani, kisha akamshika mkono na kumpeleka kwa mitume.

Ndugu, twasema haya tukiwa na aibu. Katika parokia moja tuliyoitumikia palikuwa na mama aliyepika pombe kwa miaka mingi. Watu walipigana uani kwake, na watoto wa jirani walilala njaa kwa sababu ya fedha zilizoishia pale. Katika kitabu cha kanisa, kando ya jina lake, paliandikwa kwa wino mwekundu kwamba ametengwa. Maneno hayo yalikuwa kweli siku yalipoandikwa.

Kisha mama huyu akaanza kuja kwenye maombi ya Jumatano. Aliketi karibu na mlango. Mapipa yake akayauza, akawa anauza mboga sokoni. Akaomba kuingia darasa la kipaimara. Baraza la kanisa likakutana, na sisi tukiwa mwenyekiti, tukamjibu kwamba tungoje kidogo, tuone. Akangoja miaka miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwake kuona. Tulikuwa na kitabu, nacho kilitutosha.

Siku moja baada ya ibada alisimama mbele yetu na kikapu chake, akasema kwa upole, "Mchungaji, mwangoja kuona nini?"

Hatukuwa na jibu. Juma lile tulikwenda nyumbani kwake na wazee wawili, tukanywa chai ukumbini, palepale walipokuwa wakiketi walevi. Askofu alipozuru parokia alimwekea mikono pamoja na vijana wa umri wa wajukuu wake.

Ule wino mwekundu hatukuufuta. Chini yake tuliandika tarehe ya kipaimara chake.