Sanamu ya Makopo Shambani

Ndugu mkulima wa Mbangala, punje za mtama zikianza kuingia maziwa, ndege hupata habari kabla yako. Ndipo mtoto hupelekwa dunguni kuamia, na daftari lake hubaki nyumbani. Leo tuzungumze juu ya mlinzi asiyedai chakula wala asiyekosa masomo: sanamu unayoitengeneza kwa vitu ulivyokwisha kuvitupa.

Tazama nyuma ya nyumba. Utakuta vipande vya bati, makopo ya maziwa, gunia kuukuu, pengine na CD zilizokwaruzika. Lakini Wilaya ya Songwe ina wachimbaji wengi wa dhahabu, kwa hiyo uwe mwangalifu. Dumu lililotoka machimboni usilitumie. Huenda lilikuwa na zebaki au sianidi. Chupa ya dawa ya mazao nayo haifai, hata ukiiosha mara saba. Betri kuukuu ya gari ina risasi na tindikali. Iache.

Basi chimbia mti unaozidi kimo cha mtu. Juu yake weka mti wa mikono, uupigilie msumari mmoja tu, tena usiukaze sana, ili mikono icheze upepo ukivuma. Kila mkono uning'inizie makopo mawili kwa waya, yakaribiane hata yagongane. Makali ya bati yakunje, yasije yakakata watu. Kichwa ni dumu dogo la mafuta ya kula. Litoboe chini maji ya mvua yatoke, ama sivyo utafuga mbu. Wapo wanaomaliza siku nzima wakichora macho na pua. Si vibaya, watoto hufurahi, ila kinachowashtua ndege zaidi ni mwendo, mng'ao na kelele.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanaposhindwa. Sanamu haisimamishwi siku ya kupanda ikaachwa hapo mpaka mavuno. Ndege wataizoea. Isimamishe punje zinapoingia maziwa, kisha ihamishe kila baada ya siku mbili tatu, na shati ulibadilishe. Kati ya sanamu moja na nyingine vuta utepe wa kaseti iliyoharibika, uusokote kidogo; upepo ukipita, hulia.

Je, kwelea kwelea? Hao sanamu haiwawezi. Ndege mmoja huweza kula hadi gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege 1,000,000, hizo ni tani 10. Ukiona wanakusanyika kulala kwenye matete au miiba, mpelekee habari afisa ugani siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hunyunyizwa pale wanapolala. Na ndege waliokufa kwa dawa hiyo msiwaokote kuwa kitoweo, hata wawe wanono namna gani.