Aliyolelewa Nayo, Aliyozeeka Nayo: Dini ya Mtu Mzima wa Didia

Mada kwa semina ya walimu wa dini, viongozi wa nyumba za ibada na wazazi



1. Utangulizi

Nimepewa swali hili: je, mtu mzima hubaki na imani aliyolelewa nayo? Tumchukue mama mmoja wa mfano. Alibatizwa Mkatoliki akiwa mchanga, akaolewa kwa Wasabato, akaokoka alipouguliwa na mtoto, na ukoo ukiitisha tambiko hutoa mchango wake wa mbuzi. Amehama mara ngapi? Madaftari ya makanisa yatasema mara mbili. Ukitazama anachokifanya balaa likiingia nyumbani, huenda hajahama hata mara moja.

Hoja yangu ni hiyo. Kwetu mtu mzima hubadili dhehebu kwa wepesi, lakini jinsi alivyofundishwa utotoni kueleza balaa na kutafuta kinga haimtoki kwa wepesi. Mlezi wa dini asiyeshughulikia hilo la pili atahesabu waumini wengi na kuwabadilisha wachache.

2. Hesabu zilizopo

Sensa ya mwisho nchini kuuliza dini ya mtu ni ya 1967. Anayetaja leo asilimia za waumini wa Tanzania anategemea tafiti za sampuli. Kubwa mojawapo ni ya taasisi ya Pew ya Marekani, iliyochapishwa 2010 baada ya kuhoji watu zaidi ya 25,000 katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara. Ilionyesha kwamba kuvuka kutoka Ukristo kwenda Uislamu, au kinyume chake, ni nadra katika nchi nyingi. Uganda ilikuwa na habari tofauti: karibu theluthi ya waliosema wamelelewa Waislamu walijitaja kuwa Wakristo.

Kwa Tanzania, asilimia 93 ya waliohojiwa walisema wanaamini kuna uchawi, na asilimia 60 kwamba sadaka kwa mizimu inaweza kumkinga mtu na mabaya. Hao si watu wa pembeni. Nchi yetu ni ya Wakristo na Waislamu, kwa hiyo wengi wao ni hawa hawa tunaokaa nao kwenye mabenchi na mikeka ya ibada.

Ripoti nyingine ya Pew, ya 2025, ilitazama nchi 36. Korea Kusini, nusu ya watu wazima wameacha kundi la dini walimolelewa, na wengi wameishia kutokuwa na dini. Nigeria, asilimia 95 au zaidi wamebaki. Didia yetu, hapa Shinyanga, haifanani sawasawa na yoyote kati ya hizo: anayetoka kanisa moja kwa kawaida huingia jingine.

3. Malezi yenyewe

Tusidhani kwamba mzee wa Kisukuma alilelewa bila dini kwa sababu hana cheti cha ubatizo. Alilelewa shikomeni, penye moto wa jioni, akisikiliza wakubwa wakisimulia. Alijua vijumba vya masamva, mizimu ya ukoo, vimejengwa uani kwa ajili ya nani, na lini mfumu aitwe kupiga ramli.

Wamisionari waliikuta dini hiyo. White Fathers walifika Bukumbi 1883. Africa Inland Mission ilichukua kituo cha Nassa kutoka kwa Waanglikana 1909, na 1913 ikaanzisha hospitali ya Kolandoto, jirani zetu. Jimbo Katoliki la Shinyanga liliundwa 1956, na hapa Didia Wasalesiani wa Don Bosco wana shule. Uislamu ulishika zaidi mijini na kwenye njia za biashara za kuelekea Tabora.

Wamisionari hawakulea kwa namna moja. AIC, kanisa lililotokana na Africa Inland Mission, iliwataka waumini waache pombe na ngoma kabisa. Kule Bujora, Padre David Clement kutoka Kanada aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada na kuanzisha makumbusho. Hata hivyo, watoto wa pande zote mbili walikutana na bibi yule yule, na akiugua mtoto walisikia swali lile lile: nani kamfanyia hivi? Ralph Tanner, aliyeandika kitabu kizima juu ya mabadiliko ya imani Usukuma mwaka 1967, na baadaye Frans Wijsen, walirudi mara kwa mara kwenye jambo hili: dini mpya ilipokelewa na watu waliokuwa na jambo lao la kutafuta, yaani maisha mema, afya, uzazi na mifugo.

4. Milango ya kuhama

Mlango wa kwanza ni ndoa. Mke hufuata dhehebu la mume, na wazazi wengi hulikubali hilo kabla hata ng'ombe hawajahesabiwa. Wa pili ni ugonjwa. Anayeombewa akapona hurudi kwa aliyemwombea, kisha hubatizwa upya kwa maji mengi. Makanisa ya kipentekoste yamekua hivyo, likiwemo EAGT la marehemu Askofu Moses Kulola, Msukuma mwenzetu.

Mlango wa tatu ni ardhi. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilizitoa kaya nyingi kwenye viwanja vya ukoo, na makaburi yakabaki nyuma. Tambiko linahitaji mahali pake. Likikosa mahali, linabaki kumbukumbu na woga.

Mlango wa nne, na kwa vijana wetu ndio mpana zaidi, ni machimbo. Kijana akifika Mwakitolyo, Nyarugusu au Rwamgasa hana katekista anayemjua wala mjomba wa kumwonya. Jumapili karasha, mashine ya kusaga mawe, linasaga kama Jumanne. Duara, yaani shimo la mchimbaji, linaweza kutoa miezi kadhaa ya mawe matupu, na la jirani likatoa dhahabu kwa wiki. Hakuna hesabu ya shuleni inayomtuliza mtu hapo, kwa hiyo swali la bibi linarudi likiwa limegeuzwa: nani kanifunga? Anayelijibu haraka, awe mganga au mhubiri wa upako, anampata.

5. Swali lisilojibiwa linapoua

Hapa hatuzungumzii mila za kupendeza tu. Mkoa wetu umeua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, ambayo wengi waliyapata kwa moshi wa jikoni. Kuanzia 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa Kanda ya Ziwa, na watafiti Bryceson, Jønsson na Sherrington, wakiandika 2010, waliyahusisha na hirizi ambazo waganga waliwauzia wachimbaji waliotafuta bahati. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Marufuku inaweza kumfunga mpiga ramli, lakini aliyepanga foleni mlangoni kwake atamtafuta mwingine.

6. Kinachomfanya mtu ashike

Mtafiti Vern Bengtson wa California alifuatilia familia zaidi ya 350 kwa miaka 35, vizazi hadi vinne, na kuchapisha matokeo 2013. Alikuta kwamba ibada ya mzazi peke yake haitoshi. Watoto walishika zaidi dini ya mzazi waliyehisi yuko karibu nao, na ukaribu wa baba ulikuwa na uzito wa pekee. Babu na bibi nao walihesabika sana.

Marekani si Usukuma, lakini tujipime. Baba yuko duarani miezi mingi. Shikome limezimika. Mtoto analelewa na bibi, halafu tunashangaa kwamba ukubwani ana kanisa la baba na hofu za bibi. Amekuwa mwaminifu kwa aliyekuwepo.

7. Mapendekezo

(a) Mafundisho ya kipaimara, madrasa na shule ya Jumapili yawe na somo la balaa: kwa nini mtu huugua, kwa nini duara hukauka, na nini la kufanya. Mhudumu wa afya na mwalimu wa dini walifundishe pamoja.

(b) Kijana anayekwenda machimboni apewe barua ya utambulisho, na viongozi wa huko wajulishwe.

(c) Wachumba wa madhehebu tofauti wakubaliane juu ya malezi ya watoto kabla ya mahari.

(d) Bibi na babu wafundishwe na kusikilizwa. Ndio makatekista wa kwanza, tupende tusipende.

8. Maswali ya mjadala

1. Mara ya mwisho kupata msiba, uliuliza "nini?" au "nani?" Watoto wako walikusikia ukiuliza lipi?

2. Je, aliyebadili dhehebu mara tatu ameyumba, au ametafuta jibu moja kwa uaminifu?

3. Kama baba hawezi kuacha duara, nani atakaa na mtoto jioni, na atamwambia nini?