Tulikuwa Wanne

Asubuhi ya leo nataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, wala silisimulii kwa kujisifu.

Jumamosi moja tuliondoka Eldoret kungali baridi, marafiki wanne, kila mtu na pikipiki yake. Hatukuwa na shughuli yoyote ila kuifurahia barabara. Mwenzetu mmoja, fundi seremala, alikuwa amejifunza kuendesha miezi michache tu iliyopita, na pikipiki yake ilikuwa ndogo na kuukuu. Tulipompitia nyumbani, mkewe alinijia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa mkubwa wao, akasema, "Shemeji, msimwache nyuma." Nikacheka, nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ninyi mnaoijua Iten mnajua jinsi nchi inavyokatika pale ghafula. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya bahari. Ukiupita tu, Bonde la Kerio linafunguka chini yako, na ng'ambo unaona vilima vya Tugen. Barabara inashuka kona baada ya kona, inapita Tambach, na ufikapo mtoni umeteremka zaidi ya mita 1,000. Juu ulikuwa umevaa koti zito. Chini jua linachoma na unaona miembe. Ni barabara tamu kwa mwenye pikipiki. Unalala kushoto, unainuka, unalala kulia. Mimi nilitangulia. Kioo cha pikipiki kilikuwa mbele yangu muda wote, lakini sikukitazama.

Tulipofika daraja la Chebloch, pale Mto Kerio unapojipenyeza kati ya miamba, tulivua kofia zetu, tukahesabiana. Tulikuwa watatu. Tukamngoja huku tukimfanyia mzaha. Ikapita robo saa. Ndipo dereva mmoja wa lori akasimama, akatuambia, "Mwenzenu yuko huko juu, ameanguka."

Tulimkuta kando ya kona. Alipoona tunapotea alijaribu kutufuata. Aliteremka kwa gia kubwa, akishika breki njia nzima, hata zikapata moto zikalegea. Kwenye kona yenye mchanga akabana breki ya mbele kwa nguvu, na gurudumu likateleza. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Mvulana mmoja mchunga mbuzi alikuwa ameketi naye, amemfunika shuka yake. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, hamkujua kwamba hayupo?"

Nilikosa jibu. Mbuzi wake walikuwa wengi, naye aliwajua wote. Sisi tulikuwa wanne tu.

Mwenye gari alituhurumia, akampeleka hospitali. Jioni nilisimama mbele ya mkewe. Hakunigombeza. Alisema tu, "Shemeji, nilikuomba."

Ndugu zangu, katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Yakobo na Esau wamepatana, na Esau ataka waende pamoja. Lakini Yakobo anamwomba ndugu yake atangulie. Ana watoto wadogo, na wanyama wake wananyonyesha. Ajua kwamba kuwaharakisha hata siku moja tu kwaweza kuwaua. Basi akachagua mwendo wa wale wasioweza kukimbia. Tena yeye mwenyewe alikuwa akichechemea tangu usiku ule wa mweleka pale Yaboki. Labda ndiyo sababu aliwakumbuka.

Mwenzetu alipona, na bado twaenda naye. Lakini sasa tuna kanuni. Aliye mgeni wa barabara humfuata kiongozi moja kwa moja, na kila mtu huangalia kioo amwone aliye nyuma yake. Asipomwona, hupunguza mwendo. Naye aliye mbele, akiona wa nyuma amepungua, hupunguza pia. Hivyo habari humfikia kiongozi bila mtu kupiga kelele.

Je, kanisani kwako ni nani ambaye hujamwona Jumapili tatu zilizopita? Ni yule mjane ambaye matanga yake yalijaa watu, na sasa yu peke yake? Ni yule kijana aliyekosa kazi, akaona haya kuja bila sadaka? Huenda wewe u mtu wa mbele. Wazijua nyimbo zote, waongoza kamati, na watu wakusifu. Ni vizuri. Lakini yuko mtu anayeutazama mgongo wako ukipotea kwenye kona, naye aweza kuvunjika akijaribu kukufuata.

Leo, kabla ya chakula cha mchana, nenda kwake. Usiende kumuuliza kwa nini haji. Mwambie tu kwamba umeona hayupo, kisha uketi naye kidogo.