Chumba Kidogo, Heshima Kubwa

Haya ni maneno ambayo kamati ya nyumba ilisema mbele ya wanachama, hapa Kalemie. Tumeyaandika namna tulivyoyasema, ili wale ambao hawakufika, na marafiki wanaotusaidia kutoka mbali, wayasome pia.



Katika mkutano uliopita, papa mmoja alisimama hapa akauliza: juu ya nini chama kinanunua chokaa na brosi za kupamba chumba, na huku tuko na watu ambao mabati yao yanavuja? Swali lile ni zuri. Hatukulijibu siku ile, maana saa zilikuwa zimeisha na mvua ilikuwa inakuja. Leo tunajibu.

Tuanze na nyumba zenyewe. Kalemie ni mji mzee. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapa ziwani 1915, wakati mji ulikuwa unaitwa Albertville. Nyumba nyingi za matofali ya kuchoma tunazoziona zilijengwa enzi zile, kwa watu wa reli, wa bandari na wa biashara. Wazee wetu walizipata baadaye, wakalea watoto ndani yake. Vyumba vya mbele ni vikubwa. Vya nyuma ni vidogo kama sanduku: depo ya chakula, chumba cha boyi, kijumba cha kuweka vyombo.

Sisi tulipokimbia, wengine 1996, wengine 1998, tulivuka ziwa tukaenda kulala Lugufu na Nyarugusu. Nyumba hazikubaki tupu. Ndugu waliobaki waliingia, wakazilinda, wakazaa watoto humo. Hatuwezi kuwalaumu: kama wasingeingia wao, wangeingia watu wengine kabisa. Lakini siku tuliyorudi, vyumba vikubwa vilikuwa na wenyewe, na sisi tulionyeshwa chumba cha nyuma.

Mama mmoja wa chama chetu, ambaye ametupa ruhusa ya kueleza habari yake bila jina, alirudi na watoto wawili kwenye nyumba ya baba mkwe. Mume alifia kambini. Shemeji yake, mdogo wa mume, ndiye anayekaa pale na watu wa kwake. Mama akapewa depo ya zamani: meta 2 kwa meta 2 na nusu. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mbao. Mlango haukuwepo, kulikuwa na gunia tu. Mtoto wa kwanza ni kijana wa miaka 13, na ninyi mnajua kwamba kwetu kijana wa umri ule halali chumba kimoja na mama yake. Shemeji naye alikuwa anapita mbele ya lile gunia usiku akienda msalani. Aibu ilikuwa ya pande zote mbili.

Yule mama alikuja kwetu akasema: “Kule kambini nilikuwa chini ya turubai la HCR, lakini nilikuwa na mlango wangu. Nikipata nauli ya meli, narudi Kigoma.”

Sasa mtatuambia: shida hii ni ya rangi? Hapana. Lakini tulianza na ukuta, na mtaona tulikofika.

Kwanza tulitafuta maji yanatoka wapi. Nyumba ya zamani ukiipaka rangi juu ya unyevu, umeficha mgonjwa chini ya blanketi. Tulienda nje, tukakuta udongo umelundikana ukutani kwa miaka mingi, hadi kufika juu ya sakafu ya ndani. Kila mvua ilikuwa inaingia kwa njia hiyo. Vijana wetu walifanya salongo siku moja: wakaondoa udongo, wakachimba mfereji wa kupeleka maji barabarani. Baada ya hapo tukangoja kiangazi. Kazi ya ukuta ni ya Juni hadi Agosti. Mtu asikimbilie kupaka mwezi wa mvua. Na wale walio karibu na ziwa wanajua namna maji yalivyopanda miaka hii: penye maji ya chini kwa chini, mfereji peke yake hautoshi, na afadhali tuje kuangalia kabla hamjatumia franka yenu.

Pili, nyufa. Nyumba nyingi za hapa zilipasuka kwa tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005. Ufa wa zamani ambao umetulia unaweza kuzibwa. Ufa unaotembea ni hatari. Namna ya kujua ni rahisi: chora mstari mdogo kwa kreyo unaokata ufa, andika tarehe pembeni, ngoja miezi 2 au 3. Kama pande mbili za mstari hazionani tena, usipake kitu, ita fundi wa kujenga.

Tatu, rangi ya zamani. Rangi nyingi za mafuta za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu akili za watoto. Usikwangue kavu. Lowesha ukuta kwanza, funga kitambaa puani na mdomoni, okota maganda yote uyaweke mbali, pangusa sakafu kwa maji, usifagie. Watoto na wamama wenye mimba wakae mbali hadi kazi iishe.

Nne, chokaa. Ukuta wa zamani unapumua, na chokaa inauacha upumue. Rangi ya mafuta inaufunga, halafu inabanduka kama ngozi. Tunatumia chokaa iliyokwisha kuzimwa, si ile hai inayochemka, maana ile inachoma macho. Changanya na maji hadi iwe kama maziwa mazito, ongeza chumvi konzi moja kwa ndoo ili ishike. Lowesha ukuta kidogo, paka nyembamba, acha ikauke, rudia hadi mara 3. Siku ya kwanza watu walicheka: “Mbona haionekani?” Chokaa mbichi haionekani. Inakuwa nyeupe ikikauka. Asubuhi walipoamka, hawakucheka tena.

Ukuta mmoja tu, ule wa kichwani pa kitanda, tuliupa rangi: tulichekecha udongo mwekundu tukauchanganya na chokaa, ukatoka kama tofali changa. Ukuta mmoja unatosha. Chumba kidogo ukikipaka rangi nzito pande zote nne, kinakukaba.

Sasa dirisha. Tulikuwa tunapima chumba kwa kamba wakati shemeji alipokuja kusimama penye mlango. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema zile mbao alizipigilia yeye mwenyewe usiku mmoja wa vita, watoto wakiwa ndani, na tangu siku ile mkono wake haukuweza kuzitoa. Akaenda, akarudi na nyundo. Akang'oa misumari yote moja moja. Mwanga ukaingia mle ndani, na yule mama akaketi chini akalia. Sisi tulitoka nje tukawaacha.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu hao walikuwa wanakaa nyumba moja bila kuzungumza zaidi ya salamu. Siku ile walizungumza hadi jioni. Kamati haikuingilia, tulimwita tu mzee mmoja wa ukoo akae nao. Wakakubaliana kijana wa miaka 13 alale na wana wa baba yake mdogo, chumba cha wavulana, na mkoba wake wa masomo pia uwe na mahali kule. Shemeji akatafuta mbao za mlango. Njia ya kwenda msalani ikahamishiwa upande mwingine wa ua. Mambo hayo hayakugharimu sanduku la chama hata franka moja.

Tukarudi kwenye chumba, sasa cha watu wawili, mama na binti mdogo. Tunawapa hapa yale tuliyojifunza, maana wengi mna vyumba vya namna hiyo.

Pima kabla ya kununua. Kitanda cha sentimeta 140 kingekula chumba chote. Tulitengenezesha cha 120. Miguu tuliiinua sentimeta 50, ili valizi na ndoo ya unga viingie chini. Kitanda kisiguse ukuta: acha nafasi ya kiganja, hewa ipite, na kunguni wasipate daraja.

Mlango ufunguke kwa nje kama unaweza. Mlango wa kufungukia ndani unakula nafasi ya mtu mzima kusimama.

Nyumba za zamani zina plafon ya juu sana. Huko juu kuna chumba cha pili ambacho hakuna anayekitumia. Tuliweka etajeri ya ubao mmoja kuzunguka kuta mbili, juu ya kichwa cha mtu, kwa nguo za baridi na vitu visivyotumika kila siku. Ila si juu ya mto: nchi yetu inatetemeka, usilale chini ya kitu kizito. Chini ya etajeri tulipigilia misumari ya kutundikia nguo, na mbele yake kikwembe kwenye kamba. Kikwembe kile kile ndicho rido ya dirishani, kitambaa kimoja kilichokatwa mara mbili, kwa hiyo jicho halichoki.

Chandarua kiwe cha pembe nne, na kulabu nne. Asubuhi unakifunga juu, chumba kinarudi kuwa chumba. Kioo kidogo kikae mkabala na dirisha, kirudishe mwanga. Na mapambo yawe machache. Yule mama alichagua vitu vitatu: picha ya mume, kitambaa cha kroshe alichokifuma Nyarugusu, na mkeka alionunua Kigoma siku ya safari. Vingine vilibaki kwenye valizi. Alisema: “Nikiviweka vyote, nitakuwa ninakaa kambini tena.”

Na jambo moja hatutachoka kulisema: mbabula haiingii katika chumba cha kulala, hata ikiwa baridi, hata ikiwa makaa yanaonekana yamekufa. Makaa yanatoa hewa mbaya isiyo na harufu, na chumba kidogo kinajaa haraka. Mtu analala, haamki. Mshumaa nao uwe mbali na chandarua.

Turudi kwa papa aliyeuliza. Mabati yanayovuja yanakuja kwanza, hilo hatubishani. Hatukutoa hata shati moja la bati kwa ajili ya chokaa. Lakini tusidanganyane kwamba mtu anarudi kwao siku anaposhuka kwenye meli. Anarudi siku anapopata mahali ambapo anafunga mlango na hakuna anayemwambia hama. Kama mahali pale ni meta 2 kwa 2 na nusu, basi pawe pazuri.

Tuseme pia ambalo halikufaulu, maana wafadhili wanastahili kujua yote. Nyumba ya pili tuliyoisaidia, kazi ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, na familia ile ilivuka tena ziwa baada ya wiki chache. Ukuta ulikuwa mweupe, lakini ndugu hawakuwa wamekaa chini. Tulianza na brosi tukasahau mzee wa ukoo. Tangu hapo tumeweka utaratibu: hatuchanganyi chokaa kabla wenye nyumba wote hawajakaa pamoja na kukubaliana nani analala wapi, na kwa maandishi.

Tunaomba mambo matatu. Brosi, ndoo, chekecheo na ngazi ya chama zirudishwe zikiwa safi kila mara, ili nyumba inayofuata isingoje. Kila mtaa utupe vijana wawili wa salongo kiangazi kinachokuja. Na ninyi marafiki wa mbali, mkitaka kuongeza kitu, ongezeni mbao: milango inahitajika kuliko chokaa.

Yule mama bado yuko hapa. Leo ameketi pale nyuma karibu na dirisha, na shemeji yake yuko pembeni yake. Mkitaka kuona chumba, amesema njooni, lakini wawili wawili, maana watatu hawaenei.