Somo la umeme lianzie kwenye betri ya tochi



Nimetakiwa kuzungumza juu ya kufundisha misingi ya umeme katika shule zetu za Kinondoni na Temeke. Nitaanza na neno lenyewe. Umeme, kwa Kiswahili cha asili, ni mwanga unaomulika mawinguni kabla ya ngurumo kusikika. Wenzetu wa Kenya huuita stima, neno ambalo asili yake ni mvuke. Majina yote mawili yanataja kitu chenye nguvu kitokacho mbali, na hakuna hata moja linalodokeza kwamba umeme ili ufanye kazi hauna budi kupata njia ya kurudi ulikotoka.

Hili si jambo dogo la wanaisimu. Sikilizeni tunavyosema majumbani: umeme umekatika, umeme umerudi, friji hili linakula umeme, LUKU imeisha. Mtoto wa Manzese au wa Mbagala hufika darasani akiwa tayari na nadharia yake kamili, aliyofundishwa na lugha ya mama yake na ya mtaa wake. Anaamini kwamba umeme hutoka nguzoni, hupita katika waya, huingia katika taa, na taa huula. Mwalimu akichora sakiti ubaoni, mtoto huinakili vizuri, na pengine huipatia alama zote katika mtihani. Lakini imani yake haikuguswa.

Ndugu walimu, ipimeni imani hiyo kabla ya kuifundisha. Mpeni mwanafunzi betri moja kubwa ya tochi, glopu moja ndogo, na kipande kimoja tu cha waya, kisha mwambieni aiwashe glopu. Wengi wataiunga kwa waya na kichwa cha betri, kisha watangoje mwanga. Hautatokea. Wala msidhani kwamba hili ni tatizo la watoto wa Uswahilini peke yao. Watafiti wa New Zealand walikuta mawazo hayo hayo kwa watoto wa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na mwaka 1997 filamu moja ya Marekani iliwaonyesha vijana waliohitimu siku ile ile katika chuo mashuhuri cha MIT, wengine wakiwa wahandisi, wakishindwa kuwasha glopu kwa betri na waya mmoja.

Mwacheni ahangaike. Dakika kumi za kuhangaika zina thamani kuliko ubao uliojaa maandishi. Atageuza betri, atageuza glopu, na mwishowe atagundua kwamba glopu ina milango miwili: ncha iliyo kitakoni na ubavu wake wa chuma. Mlango mmoja ukigusa upande mmoja wa betri, na mwingine ukaunganishwa kwa waya na upande wa pili, taa inawaka. Hapo ndipo neno sakiti lipate kutajwa. Lina maana sasa, kwa kuwa mtoto amekwisha kulijenga kwa vidole vyake.

Baada ya hapo, chukueni glopu mbili zinazofanana na kuziunga kwa mfuatano. Kabla ya kubana waya wa mwisho, waulizeni wanafunzi ni ipi itakayowaka zaidi, na kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Walio wengi watasema ile ya kwanza, kwa sababu inapata umeme mwanzo na kuiachia ya pili makombo. Bana waya. Zinawaka sawasawa, zote kwa mwanga hafifu. Mkondo unaoingia katika glopu ndio unaotoka. Haukuliwa hata kidogo. Kilichotumika ni nishati, ambayo betri imeitoa na glopu zimeigeuza kuwa mwanga na joto.

Hapa walimu wengi hukimbilia mfano wa maji ya bomba. Mimi naona mfano huo unatudhuru. Maji hutoka tangini, hupita bombani, humwagika katika ndoo na hayarudi. Bomba likikatwa, maji yanamwagika barabarani. Waya ukikatwa, mkondo unasimama wote kwa mara moja, na hakuna kinachomwagika. Kwa hiyo mfano wa bomba unaithibitisha imani ile ile tunayotaka kuiondoa. Mnyororo wa baiskeli unafaa zaidi, na hakuna mtoto asiyeujua. Ukikanyaga pedali, mnyororo wote unakwenda kwa pamoja, juu na chini. Gurudumu linapata nguvu za mguu wako, wala mnyororo haupungui pingili hata moja. Ukikatika mahali popote, baiskeli haiendi. Mfano huu nao una mipaka yake, lakini mipaka hiyo haimpotezi mwanafunzi mapema hivyo.

Sasa, kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu mtoto huyu anarudi nyumbani. Nyumba nyingi za Tandika, Mwananyamala na Tandale ni zile tunazozijua sote, zenye ukumbi katikati na vyumba vya wapangaji huku na huku, na aghalabu mita ni moja. Vyombo vyote vya nyumba hiyo vimeungwa sambamba. Kila chombo kinapata volti zile zile 230, na kila kinachowashwa kinaongeza mkondo katika waya wa pamoja. Mpangaji anachomeka birika la wati 2,300 katika ekstensheni: hiyo ni ampia 10. Jirani yake anaongeza pasi ya wati 1,150: ampia 5 nyingine. Waya mwembamba uliotengenezwa kubeba ampia 5 sasa unabeba 15. Mkondo umezidi mara tatu, lakini joto linalozaliwa ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, yaani mara tisa. Plastiki inalainika, kisha inanuka, kisha inashika moto. Fyuzi iliwekwa kuzuia hayo, nasi tunajua jinsi watu wanavyoing'oa na kuweka mahali pake kipande cha waya wa shaba, ili "isisumbue".

Na ni nani huwafundisha wakazi hawa hesabu za waya? Ni vishoka, wale mafundi wasio na kibali ambao huunga nyumba usiku na kutoweka asubuhi. Kishoka anajua kuunganisha. Hajui, au hajali, kwa nini waya huu uwe mnene na ule uwe mwembamba. Kijana aliyemaliza shule akiwa ameelewa maana ya sambamba anaweza kumwuliza kishoka swali moja tu na kumfukuza.

Kadhalika ugomvi wa LUKU. Jina lake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na uniti moja ni kilowati kwa saa moja, yaani nishati. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa siku 30 imetumia uniti moja na nusu. Pasi ya wati 1,000, ikiwaka jumla ya nusu saa kwa siku, kwa mwezi huo huo imetumia uniti 15. Bado wapangaji wanachangishwa kwa idadi ya vyumba, na mwenye taa moja analipa sawa na mwenye pasi! Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza, na ningependa aifanye kwa mita ya nyumbani kwao.

Nageukia ndugu zetu wa ofisini. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza shule za sekondari za kata zijengewe maabara, na wananchi wakachanga. Lilikuwa jambo jema. Lakini kumeingia fikra kwamba palipokosekana maabara, au palipo na maabara bila ampemita, somo la umeme haliwezekani. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji wa Köln alipofanya majaribio ya waya yaliyozaa kanuni aliyoitangaza mwaka 1827, ambayo leo watoto wetu wanaikariri kwa jina lake. Vifaa vyake vingi alivitengeneza kwa mikono yake. Mwalimu wa Temeke anaweza kupata nyaya kwa fundi redio, kutumia kibanio cha nguo kama swichi, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kama kipitishio. Kwa miaka mingi betri zenyewe zilitengenezwa humu humu Dar es Salaam, katika kiwanda cha Matsushita kilichotoa betri za National, na watoto waliziokota zikiisha na kuzifanya magurudumu ya vigari vyao.

Nasema pia wazi kwamba mtihani una sehemu yake ya lawama. Maadamu swali ni "chora sakiti na utaje sehemu zake", mwalimu mwenye darasa kubwa atachora na kutaja. Swali likiwa "glopu ipi itazima endapo waya huu utakatwa, na kwa nini", naye atatafuta betri.

Nimalizie kwa mambo ya kazi. Glopu za zamani zenye uzi ndani zinaadimika madukani, kwani tochi za siku hizi zina taa za LED. Taa nyeupe ya namna hiyo haiwaki kwa betri moja ya volti 1.5, zinahitajika mbili zilizopangwa kwa mfuatano, wala haipitishi mkondo isipokuwa kwa upande mmoja, hivyo ikikataa kuwaka igeuzwe kabla ya kulaumiwa. Anayepata glopu za uzi azinunue na kuzitunza, kwa maana ndizo zinazofaa somo la kwanza. Betri za simu zisitumiwe kabisa, kwani ncha zake zikigusana zinaweza kulipuka kwa moto. Waya uliogusisha ncha mbili za betri ya tochi bila glopu hupata joto upesi, basi uachiwe mara moja. Soketi ya ukutani haihusiki na majaribio haya hata siku moja. Darasa likigawanywa katika makundi manane, betri nane na glopu nane kwa jaribio la kwanza zinatosha. Na kwa kuwa betri huisha, mkuu wa shule aziandike katika mahitaji ya kila muhula pamoja na chaki, na ofisa atakayeletewa orodha hiyo asizikate.