Hotuba ya Kuwakumbuka Wazee Wetu Waliofariki
(Ilisomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Riruta Satellite, Nairobi)



Tumepewa kazi ya kusema maneno machache juu ya wenzetu waliotutoka mwaka huu. Majina yao yamekwisha kusomwa na Katibu, nasi tumesimama kwa heshima. Kila jina lilifuatwa na maneno yale yale tuyatumiayo katika kila tanzia: mume mpendwa, baba na babu. Maneno hayo ni ya kweli, wala hatuyadharau. Mjane ayasikiapo hupata faraja. Lakini sisi tunaotunza vitabu vya chama twaona upungufu mmoja. Daftari letu laonyesha ada aliyolipa marehemu mwezi kwa mwezi, na shilingi zilizotolewa kwa sanduku na kwa gari la kumchukua. Alifanya nini kati ya ada ya kwanza na sanduku, halisemi.

Na tutoe mfano wa mzee mmoja wa hapa hapa kwetu, Marehemu Eliud Wambu Mathu. Alizaliwa Riruta yapata mwaka 1910, siku ambazo upande huu wote ulikuwa mashamba ya wilaya ya Kiambu. Haukuingizwa katika mipaka ya jiji mpaka mwaka 1963. Shule ya Alliance ilipofunguliwa kule Kikuyu mwaka 1926, yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Akaenda kusoma Fort Hare, Afrika Kusini, na baadaye Oxford, Uingereza. Alirudi akafundisha, na kazi ya ualimu ingeweza kumtosha kwa heshima na utulivu.

Mwezi wa Oktoba 1944 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza kukaa humo. Tangu mwaka 1924 maneno ya Waafrika yalikuwa yakisemwa barazani na Wazungu waliowekwa na Serikali kwa ajili hiyo. Vijana wetu, ifikirieni hali ile: mtu mmoja peke yake, akijibu kwa lugha ya kigeni hoja za watu waliokuwa na mashamba, benki na askari. Ni kweli kwamba nyuma yake walikuwapo wenzake, maana mwezi huo huo Waafrika wa makabila mbalimbali waliunda chama mjini Nairobi ili kumwunga mkono, chama ambacho mwaka 1946 kilijiita Kenya African Union. Lakini barazani aliyesimama ni yeye. Alikuwa miongoni mwa waliopinga kipande, ile karatasi ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuichukua, na wengi wakaivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati kama kengele ya mbuzi. Mwaka 1947 sheria mpya ilipitishwa ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Mwaka 1952 aliingizwa pia katika baraza dogo la washauri wa Gavana. Mwaka huo huo Hali ya Hatari ikatangazwa, na mtu aliyesimama katikati akalaumiwa na pande zote mbili. Ulipofika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika, mwezi wa Machi 1957, alishindwa na Bwana Bernard Mate. Wako wasemao hata leo kwamba alikuwa karibu mno na Serikali ya kikoloni. Wako wajibuo kwamba Wakikuyu wengi hawakuruhusiwa kupiga kura siku ile. Hatukusudii kuamua shauri hilo hapa. Baadaye alifanya kazi na Umoja wa Mataifa huko Addis Ababa, kisha akamtumikia Mzee Kenyatta katika Ikulu. Alifariki mwaka 1993.

Twaweza kubishana juu ya Mzee Mathu kwa sababu maneno yake yaliandikwa neno kwa neno katika taarifa za Baraza. Wajukuu wa wazee wetu wengine hawana hata cha kubishania. Wamjua babu aliyeota jua mlangoni na kuuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Hawajui ni nani aliyemfundisha useremala, wala alilala wapi usiku wa msako, wala ada ya shule ya baba yao ilitoka katika mfuko upi. Nao akina bibi, ambao waliyaona hayo yote, huulizwa habari za hati ya shamba kabla ya kuulizwa habari za mume.

Tumesikia wakisema kwamba fedha za mazishi ni za mazishi. Ni kweli, nasi hatuombi hata shilingi moja. Twaomba kurasa. Kijitabu hiki cha mwaka kina kurasa nyingi za hesabu, na hesabu zaweza kubanwa. Waliokuwa vijana bendera ilipopandishwa mwaka 1963 sasa wamepita miaka themanini, na katika mkutano huu twawahesabu wachache sana.

Katika meza ya Katibu pameweka daftari jipya. Kila mwanachama aliye na mzee nyumbani, awe baba, babu au nyanya, na aandike jina lake humo kabla ya kuondoka. Sisi tutakuja siku ya Jumapili, baada ya ibada, kusikiliza na kuandika. Mzee asemapo Kikikuyu au Kiluhya, tutaandika hivyo hivyo, kutafsiri kutafuata. Twaomba tu kwamba vijana wa nyumba ile wawepo, wala wasitumwe dukani wakati mzee anaposema.